Hewa Mpya Huja na Maji Yake

Saa 11 alfajiri, kabla mlango wa chumba haujafunguliwa, ndiyo saa ya kuijua nyumba. Kiyoyozi kimefanya kazi usiku kucha, joto ni nyuzi 24, shuka ni kavu, na aliyelala ndani haoni kasoro yoyote ila kichwa kizito na koo linalokwaruza. Anayeingia kutoka nje ndiye anayeisikia harufu: pumzi, nguo, godoro. Ukiweka kipimo cha hewa ukaa kwenye meza ya kando ya kitanda utakikuta kinasoma sehemu 2,500 au 3,000 kwa milioni, na pengine zaidi. Kitoe barazani, baada ya dakika chache kinashuka hadi kama 420.

Hesabu yake si ngumu. Chumba cha mita 3.5 kwa 4, chenye dari ya mita 2.8, kina hewa ya mita za ujazo 39. Watu wazima wawili waliolala hutoa kwa pamoja lita 25 hivi za hewa ukaa kila saa. Dirisha la alumini lenye mpira mzuri, mlango ukiwa umefungwa, huenda likapitisha kwa saa moja tu ya tano ya hewa ya chumba, na mara nyingi chini ya hapo. Baada ya saa 8 chumba kimefika kwenye sehemu 3,000 kwa milioni. Kiwango hicho hakimuui mtu. Lakini hewa ukaa ni shahidi: ikiwa pumzi ya jana usiku bado imo chumbani, basi jasho lake, harufu zake, na vijidudu vya mafua au vya kifua kikuu alivyokohoa mmoja wa waliomo navyo vimo humo humo.

Wengi huamini kwamba kiyoyozi huleta hewa kutoka nje. Hakileti. Tundu lililotobolewa ukutani linapitisha mabomba mawili ya shaba, waya, na mpira wa maji, basi. Kile chombo cha ndani huvuta hewa ya chumba, huipoza, na kuirudisha ile ile. Asiyelijua hili atabadilisha kiyoyozi mara mbili akitafuta hewa ambayo kiyoyozi hakina.

Hatusemi nyumba zisizibwe. Anayenunua umeme wa Tukuza, ule wa kulipia kabla hapa Zanzibar, anajua uniti zinavyoyeyuka mwezi wa Januari, Kaskazi inapovuma na usiku haupoi. Kuziba mianya, kuweka kioo kinachofunga vizuri, kutia kinga ya joto chini ya bati, kununua kiyoyozi cha inveta: yote ni kazi njema na tunaiunga mkono. Kosa letu mafundi ni kuziba bila kuacha njia. Zile nyumba za Mji Mkongwe hazikuwa na tatizo hili. Kuta za mawe na chokaa za nusu mita, ua wa ndani unaopandisha hewa ya joto, madirisha marefu yenye vipande vya mbao, na matundu juu ya milango. Hewa ilipita yenyewe, mwenye nyumba akitaka asitake. Hata nyumba za matofali za Ng'ambo, ile mitaa iliyo nje ya Mji Mkongwe, zilikuwa na matofali ya matundu juu ya dirisha. Siku kiyoyozi kinapofungwa, kitu cha kwanza anachofanya fundi ni kuyapaka saruji yale matundu. Anafanya sawasawa, maana hayana kipimo wala mlango wa kuyafunga. Lakini baada ya kuyaziba haweki kitu chochote mahali pake.

Basi dawa ni kufungua dirisha? Hapa ndipo kisiwa kinapotofautiana na vitabu vingi vilivyoandikwa nchi za baridi. Kule hewa ya nje ni kavu. Ukiiingiza ndani unapunguza unyevu. Hapa kwetu hewa mpya huja na maji yake. Hewa ya nyuzi 30 yenye unyevu wa asilimia 75 hubeba gramu 20 za maji katika kila kilo. Usiku ikishuka hadi nyuzi 26 unyevu hupanda hadi asilimia 85 hivi, na maji yaliyomo bado ni gramu 18. Chumba kilichopozwa hadi 26 na kukaushwa hadi asilimia 55 kina gramu 11 na nusu tu. Kila kilo ya hewa inayoingia usiku inaleta gramu 6 na nusu za ziada.

Sasa zidisha. Kila mtu anahitaji hewa mpya lita 7 na nusu kwa sekunde. Watu wawili ni lita 15, yaani mita za ujazo 54 kwa saa, uzito wa kilo 63 hivi. Hiyo ni gramu 400 za maji kila saa, zaidi ya lita 3 kwa usiku mmoja. Maji hayo lazima yatoke nje kwa mpira wa kiyoyozi, ama yataingia kwenye godoro, kwenye nguo za kabatini na nyuma ya rangi. Ndiyo maana anayeacha dirisha wazi kabisa huku kiyoyozi kinakazana anapata hasara mbili, bili na kuvu. Na anayefunga kabisa anapata ile hewa ya saa 11 alfajiri.

Kinachotakiwa ni hewa kidogo, ya kipimo kinachojulikana, inayoingia mahali palipochaguliwa, na kupita kwenye kiyoyozi kabla haijasambaa. Kwa chumba cha watu wawili tunaweka bomba la inchi 4 ukutani, likiwa na feni ndogo ya kusukuma hewa ndani, ile ya wati 5 hadi 10 yenye kasi ya kurekebishwa. Kwa lita 15 kwa sekunde hewa hupita ndani ya bomba hilo kwa mwendo wa mita 2 hivi kwa sekunde, kwa hiyo haivumi wala haimwamshi mtu. Mdomo wa ndani uwe karibu na sehemu ya juu ya kiyoyozi, pale kinapovutia hewa, ili kitu cha kwanza ambacho ile hewa ya maji maji inakutana nacho kiwe ni koili ya baridi. Ukiuweka upande wa pili wa chumba juu ya kabati, utapata kuvu juu ya kabati. Mdomo wa nje uwe na kofia inayotazama chini, wavu wa mbu, na kichujio kinachochomoka. Bomba lenyewe lilale kuelekea nje, sentimita 1 ndani ya unene wa ukuta, kwa sababu mvua ya Masika hupigwa na upepo ikaingia hata chini ya kofia.

Kuna mafundi wanaopenda kufunga feni ya kuvuta hewa kutoka chumbani badala ya kuisukuma ndani. Kwa choo na jiko ni sawa. Kwa chumba cha kulala chenye kiyoyozi hatulipendi. Feni inayovuta huifanya nyumba iwe na njaa ya hewa, nayo huijaza njaa hiyo popote itakapopata: kwenye visanduku vya soketi, kwenye mianya ya dari ya jipsamu, chini ya bati. Hewa hiyo ya maji inapita ndani ya dari iliyopoa, inaacha maji humo, na baada ya Masika moja dari ina madoa ya kahawia ambayo kila mtu anadhani ni bati linavuja.

Gharama yake mtu ataiuliza, na ana haki. Kuzikausha gramu 400 kwa saa kunadai nguvu ya baridi ya wati 270 hivi. Kiyoyozi kizuri cha inveta hutoa wati 3 za baridi kwa kila wati 1 ya umeme, kwa hiyo ni wati 90 za umeme. Kwa saa 8 ni robo tatu ya uniti, ukijumlisha na feni yenyewe ni kama 0.8. Hiyo ndiyo bei ya hewa safi ya watu wawili kwa usiku mmoja, na hewa ukaa inabaki karibu na 900 badala ya 3,000.

Asiyeweza kutoboa ukuta kwa sasa, na aache dirisha la upande usiopigwa na upepo wazi kwa sentimita 1, likiwa na wavu safi. Dirisha la urefu wa mita 1.2 linampa mwanya wa sentimita za mraba 120, unaotosha kwa usiku wenye upepo japo kidogo. Tunasema wavu safi kwa sababu wavu wa mbu ulio karibu na bahari hujaa vumbi na chumvi hadi vijitundu vinaziba. Uoshe kwa maji na sabuni kila mwezi, hasa wakati wa Kusi. Mlango wa chumba nao usiguse sakafu. Acha sentimita 2 chini yake, hewa ipate pa kutokea.

Feni ikishafungwa ipimwe, maana namba iliyoandikwa kwenye boksi ni ya feni iliyo mezani, isiyo na bomba, kofia wala kichujio. Chukua mfuko wa taka wa lita 60, ukung'ute hewa yote, uukazie kwenye mdomo wa bomba, na uhesabu. Ukijaa kwa sekunde 4, unapata lita 15 kwa sekunde. Ukichukua sekunde 8, una nusu ya ulichodhani unacho, na sababu kwa kawaida ni bomba laini la kukunjika lililopindishwa mara tatu ndani ya dari. Bomba hilo livutwe linyooke, au libadilishwe kwa PVC. Feni ya kunyonya chooni ipimwe kwa njia hiyo hiyo upande wa nje: inatakiwa lita 25 kwa sekunde, yaani mfuko ule ujae kwa sekunde 2 na nusu. Kwa mtu asiye na mfuko, karatasi ya chooni ikibandikwa kwenye feni ikashikiliwa, walau inavuta. Ikidondoka, feni ni pambo.

Tuje kwenye kuta, maana humo ndimo nyumba nyingi zinamoharibikia.

Sogeza kabati la nguo lililogusana na ukuta wa chumba chenye kiyoyozi. Ukutani utaona umbo la kabati limechorwa kwa vidoa vya kijani na vyeusi, vimeanza chini kwenye kona na kupanda. Nguo za mwisho kabisa zina harufu ya udongo. Sasa nenda chumba cha pili, stoo isiyo na kiyoyozi inayotumia ukuta ule ule. Upande huo mara nyingi ni mbaya zaidi. Sababu ni umande. Hewa yetu ya nyuzi 30 na asilimia 75 huanza kumwaga maji ikigusa kitu chenye nyuzi 25 au chini ya hapo, kama inavyofanya kwenye chupa ya soda iliyotoka kwenye friji. Chumba kikipozwa hadi 18, ukuta wa tofali la inchi 6 nao hupoa, na upande wa stoo unaweza kutoka jasho kama ile chupa. Kuvu hakihitaji maji yanayotiririka. Uso wa ukuta ukikaa na unyevu wa zaidi ya asilimia 80 kwa siku kadhaa, kinaota.

Kwa hiyo agizo la kwanza: usishushe chini ya 25. Nyuzi 26 na feni ya dari ni raha ile ile kwa mwili. Kabati likae sentimita 10 kutoka ukutani, kwenye miguu, na mlango wake uwe na matundu. Asubuhi ukizima kiyoyozi usikimbilie kufungua madirisha yote papo hapo, kwa sababu kuta na vigae bado ni baridi na hewa ya nje itavikuta; ndipo unapoona sakafu inateleza na kioo cha kabati kimefunikwa na umande. Zima, washa feni ya dari, subiri nusu saa au zaidi, halafu fungua.

Agizo la pili ni la rangi. Mafundi wengi wamezoea kupaka ndani rangi ya mafuta inayong'aa ili ukuta uoshwe, na siku hizi kuna karatasi za plastiki za kubandika. Katika nchi za baridi kizuizi cha mvuke huwekwa ndani kwa sababu mvuke hutoka ndani kwenda nje. Kwetu, kwenye nyumba yenye kiyoyozi, mvuke unasafiri kinyume: unatoka nje kwenye joto unakwenda ndani kwenye baridi. Ukikuta ngozi ya plastiki upande wa ndani unasimama nyuma yake, unakuwa maji, na kuvu kinakaa humo kisionekane hadi siku karatasi inapovimba. Upande wa nje ndio uzuie mvua. Upande wa ndani uachwe upumue, kwa chokaa au rangi ya maji isiyong'aa.

Kwenye nyumba za mawe za Mji Mkongwe, zilizoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2000, kosa hilo hufanywa kwa saruji. Ukuta wa mawe ya matumbawe na chokaa hunyonya maji ya ardhini na kuyaachia hewani taratibu. Ukipigwa lipu ya saruji, maji hayatoki. Yanapanda juu zaidi, yanabeba chumvi, na chumvi ikikauka inasukuma rangi na lipu zikabanduka vipande vipande. Lipu ya nyumba hizo iwe ya chokaa iliyozimwa, sehemu 1 kwa mchanga sehemu 3, na mchanga usiwe wa pwani. Mchanga wa bahari una chumvi inayovuta unyevu kutoka hewani kila siku ya Mungu; ukuta uliopigwa kwa mchanga huo hautakauka hata ukiweka viyoyozi vitatu.

Kuvu kilichokwisha kuota kwenye ukuta wa saruji kinaoshwa kwa maji, sabuni na brashi, ukiwa umevaa barakoa ya N95 na dirisha limefunguliwa. Kwenye jipsamu iliyolowa, kuosha ni kujidanganya, kwa sababu mizizi imeingia kwenye karatasi yake. Kata sentimita 30 kupita pale doa linapoishia, funga vipande ndani ya mfuko humo humo chumbani kabla ya kuvipitisha ukumbini. Na usirudishe jipsamu mpya hadi ujue maji yalitoka wapi.

Kiyoyozi chenyewe kinaweza kuwa ndicho mgonjwa. Kosa la dukani ni kununua kikubwa. Chumba cha mita za mraba 14 kinatoshwa na kiyoyozi cha BTU 9,000, hicho kikiwa kipimo cha nguvu ya kupoza. Ukikifungia 18,000 kinapoza kwa dakika chache, kinapumzika, na hakipati muda wa kukausha. Chumba kinakuwa cha baridi na cha maji maji, kama pango, na mwenyewe anazidi kushusha nyuzi akidhani hakipozi. Feni yake iwekwe kwenye otomatiki: ikiachwa izunguke wakati kompresa imesimama, yale maji yaliyogandamana kwenye koili yanapeperushwa tena chumbani.

Kuna jaribio la bure la kujua kama kinakausha. Weka dumu la lita 5 chini ya mpira wa maji jioni. Asubuhi ukikuta lita 3 au 4, kinafanya kazi yake. Ukikuta nusu lita huku kipimo cha unyevu chumbani kinasema 70, ama ni kikubwa mno, ama gesi imepungua, ama maji hayatoki kabisa na yamebaki kwenye trei ya ndani. Mpira wa maji uteremke sentimita 1 kwa kila mita, usipindwe kama nyoka, na ncha yake isizamishwe ndani ya ndoo. Ndani yake huota ute unaoziba. Usafishwe kwa kuvutwa kwa mashine ya kunyonya maji kutoka nje kila miezi 3. Kichujio kioshwe kila wiki 2. Ile roli nyeusi ya feni iliyo nyuma, ambayo hakuna anayeiangalia, imulike kwa tochi: ukiona manyoya ya vumbi jeusi kwenye vijipezi vyake, hicho ndicho unachopumua, nayo inahitaji kuoshwa kwa fundi kuifungua, si kwa kupuliziwa manukato.

Jikoni. Kilo moja ya gesi ikiungua hutoa zaidi ya lita moja na nusu ya maji kwa umbo la mvuke, pamoja na oksidi za nitrojeni, gesi zinazochoma kifua, na hapo hujahesabu mvuke wa sufuria. Mwezi wa Ramadhani, jiko likiwaka tangu alasiri hadi magharibi kwa futari, nyumba iliyozibwa hujaa maji hadi vyumbani. Kofia ya jiko inayopitisha moshi kwenye mkaa na kuurudisha pale pale haiondoi mvuke wala gesi. Inayotakiwa ni ile yenye bomba la kutokea nje, lita 50 kwa sekunde, na iachwe izunguke dakika 15 baada ya moto kuzimwa. Mlango wa jiko kuelekea ukumbini ufungwe, dirisha la jiko lifunguliwe kidogo.

Seredani, lile jiko la mkaa, ni jambo jengine, na hapa hatutaki kusikia hoja. Mkaa unaowaka hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu wala rangi, isiyowasha macho, inayomlaza mtu kabla hajajua kwamba anaumwa. Kwenye banda la uani lenye makuti upepo uliichukua. Kwenye jiko la ghorofani lenye madirisha ya kuteleza yaliyofungwa haina pa kwenda. Mkaa mwekundu usio na moshi si salama kuliko wenye moshi. Moshi umekwisha, gesi inaendelea. Seredani isiingie kabisa ndani ya nyumba iliyozibwa, hata ikiwa ni kumpa joto mzazi na kichanga chake, hata ikiwa mvua imekatisha umeme na watu wana njaa. Kwa udi na ubani, ambao ni sehemu ya nyumba zetu na hautaondoka, fukiza dirisha likiwa wazi, na udi ukiisha utoe chetezo nje na kile kijikaa chake. Wengi hukisukuma chini ya kitanda kikiwa bado chekundu. Jenereta nayo iwe mita 6 au zaidi kutoka dirishani, mdomo wa moshi ukitazama kwengine. Kengele ya kaboni monoksaidi ifungwe kwenye ukumbi wa vyumba, na tarehe ya mwisho iliyoandikwa nyuma yake isomwe, kwa sababu kihisi chake hufa baada ya miaka kadhaa huku taa ya kijani ikiendelea kuwaka.

Mara nyingine malalamiko ni harufu ya karo, lile shimo la maji machafu ya choo, ndani ya nyumba mpya kabisa. Mabomba yako sawa, karo halijajaa, na harufu inakuja usiku tu. Angalia choo cha wageni kisichotumika. Chini ya kila kichujio cha sakafuni kuna kona ya bomba inayokaa na maji, na maji hayo ndiyo kizuizi pekee kati ya pua yako na karo. Choo kisipotumika wiki chache yanakauka. Halafu feni ya choo cha pili inawashwa, nyumba imezibwa, feni inatafuta hewa, na njia rahisi kuliko zote ni bomba la karo. Mwaga vikombe viwili vya maji na kijiko cha mafuta ya kula juu yake yazuie kukauka. Kisha upe feni hewa yake halali kwa kukata mlango wa choo chini sentimita 2.

Rangi mpya, mbao za unga uliogandishwa kwa gundi, mazulia na masofa hutoa mvuke wa kemikali, formaldihaidi ikiwemo, na joto letu linaharakisha. Chumba kipya cha mtoto kipakwe na kiwekwe samani mwezi mzima kabla, madirisha wazi mchana. Mashine za kusafisha hewa zenye kichujio cha HEPA husaidia vumbi na moshi. Hewa ukaa haziigusi.

Kwa ofisi, hoteli, au darasa la skuli lenye viyoyozi na watoto 40, feni ndogo haitoshi na maji yanayoingia ni mengi mno. Hapo ifungwe mashine ya kubadilishana hewa, ambayo hewa inayotoka na inayoingia hupishana ndani yake kwenye tabaka nyembamba bila kuchanganyika. Kuna aina mbili, na kwa visiwa vyetu tofauti yake ni kubwa. Moja ina tabaka za alumini au plastiki zinazopitisha joto tu. Hiyo iachwe kwa nchi za baridi. Nyengine ina tabaka kama karatasi zinazopitisha joto na mvuke pia, hivyo hewa kavu inayotoka huchukua sehemu kubwa ya maji ya hewa inayoingia. Muulize muuzaji swali hilo moja, na asipojua jibu usinunue.

Kipimo cha hewa ukaa kiwe cha kihisi cha mwanga wa infraredi. Vile vya bei rahisi sana hukisia kutokana na harufu na hupanda hadi 2,000 mtu akipulizia manukato. Kila baada ya miezi michache kitoe nje dakika 20 kwenye upepo, kisome kati ya 400 na 450. Ndani kikae kimo cha mita 1, mbali na pumzi ya aliyelala. Cha unyevu kisizidi 60.

Kuna jambo la mwisho la madirisha. Kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010 Unguja ilikaa miezi mitatu bila umeme kutoka bara, baada ya ule mwezi wa giza wa 2008. Watu walilala madirisha wazi, kwenye baraza, kwenye mapaa. Waya mpya wa baharini wa 2013 umetuondolea hofu hiyo kwa sehemu kubwa, na pengine ndiyo maana michoro ya siku hizi ina vioo visivyofunguka kabisa. Kila chumba kiwe na dirisha linalofunguka, na lililo mkabala nalo, hata kama halitafunguliwa ila siku 10 kwa mwaka.

Na kama ukuta bado haujapigwa lipu, mwambie fundi leo aache kipande cha bomba la inchi 4 kwenye kila chumba cha kulala, mita 2.2 kutoka sakafuni, kilale nje sentimita 1, kizibwe ncha zote mbili kwa mifuniko. Bomba hilo ni kazi ya nusu saa na tofali moja. Baada ya vigae na rangi, tundu lile lile linahitaji mashine ya kukatia zege, maji, turubai la kufunika kitanda, na siku nzima.